Kidogo, Mpaka Atulie

Fundi Mshana alikuwa amemwambia mteja wake kwamba gauni litakuwa tayari "baadaye baadaye", na kwa maneno hayo mawili asubuhi nzima ya Eliwaza Mgonja ilikuwa imekwisha.

"Baadaye ni lini, fundi?"

"Si nikimaliza la harusi, mama."

"Na la harusi utalimaliza lini?"

"Nikipata vifungo."

Taa kwenye kola ya fundi ilikuwa ya njano tangu alipoingia, na wala haikuonyesha dalili ya kubadilika. Kila mtu katika kata ya Kivungo alikuwa na taa kama hiyo, kioo kisichozidi punje ya hindi. Ukisema jambo likapimika, inawaka kijani. Ukisema jambo lenye ukungu, inawaka njano, na Mizani, chombo kinachozisikiliza taa hizo, inakuuliza kwa sauti yake ya upole maswali yale matatu ambayo siku hizi hata watoto wa chekechea wanayaimba: nani, kiasi gani, mpaka lini. Ukishindwa kujibu, unapelekwa kwa mfafanuzi. Kivungo nzima ilikuwa na mfafanuzi mmoja tu, naye ni huyu Eliwaza, mwaka wake wa ishirini na mbili kazini, magoti yanamuuma na chai yake imeshapoa mara mbili.

"Nenda, fundi," alisema. "Nitakuita."

Mteja alifura, lakini hakuwa na la kufanya. Sheria ilisema kwamba aliye hai akishindwa kufafanua kauli yake mbele ya mfafanuzi, faili lake linakaa rafuni mpaka aitwe tena. Mpaka aitwe, mambo yanabaki yalivyo, wala asiulizwe na mtu wala chombo. Watunga sheria hawakuweka siku ya mwisho, maana walidhani mtu aliye hai ataitwa kesho yake tu. Hawakuwa wamefikiria kata ya milimani yenye mfafanuzi mmoja na mafaili mia sita. Fundi Mshana alitoka akipiga mluzi, na gauni, kwa taarifa yako, lilikuwa tayari Ijumaa.

Eliwaza alilisukuma faili rafuni, akafikicha macho. Alikuwa amechoka kwa namna ambayo usingizi hauigusi. Watu walidhani kazi yake ni kusikiliza maneno. Kazi yake ilikuwa kuwabana watu waseme zaidi ya walichotaka kusema, kutwa nzima, miaka ishirini na miwili.

Waliofuata waliingia wawili, mwanamume na mwanamke, wakakaa viti viwili vya mbali kadiri chumba kilivyoruhusu.

"Shikamoo, mama," walisema karibu kwa pamoja.

"Marahaba. Poleni kwa msiba."

Taa zote zilitulia. Salamu na pole zilikuwa zimesamehewa katika jedwali la sheria, baada ya mwaka wa kwanza ambao watu waliulizwa "hujambo" yao ina maana gani hasa, wakagoma kusalimiana.

Mwanamume aliitwa Kiangi Mrutu, kitinda mimba wa marehemu Mzee Sekiete. Mwanamke alikuwa Nakundwa, shemeji yake, mkulima wa tangawizi. Mumewe Nakundwa, Mbonea, ndiye aliyekuwa mtoto wa kwanza wa mzee. Mbonea alifariki mwezi wa tatu. Mzee akamfuata mwezi wa tano, kwa uchungu, watu walisema, ingawa cheti kiliandika moyo. Nakundwa alikuwa amemuuguza mmoja na mwingine katika nyumba ileile, kwenye kitanda kilekile.

"Nataka nieleweke, mama," Kiangi alianza. "Sina ugomvi na shemeji. Lakini nyumba ya mzee ni yangu, mila inajulikana, mtoto wa mwisho ndiye anayerithi. Na mimi ninakokaa kule bondeni ukuta unatoa maji. Mke wangu anakohoa tangu masika."

Taa yake ilikuwa kijani, kijani, kijani. Eliwaza alimgeukia Nakundwa.

"Sina la kuongeza," Nakundwa alisema. "Ni kweli anakohoa."

"Basi tumsikilize mzee."

Aligusa kisanduku cha Mizani juu ya meza. Chumba kikajaa pumzi nzito ya mtu aliyekuwa akiondoka, halafu sauti.

"Nyumba ni ya Kiangi. Hilo halina mjadala. Ila Nakundwa mwacheni akae kidogo, mpaka atulie."

"Kidogo ni muda gani?" Mizani ilimuuliza, katika rekodi, vilevile kama inavyomuuliza muuza maziwa.

"Kidogo."

"Tafadhali taja siku, miezi au miaka."

Kisha mzee, bila hasira, akasema, "We chombo wewe. Hujawahi kufiwa."

Hapo ndipo rekodi iliishia. Nakundwa alikuwa ameinama, anakunjakunja upindo wa kitenge chake.

Eliwaza angependa sana kuichukia Mizani wakati ule, lakini hakuweza, na hilo nalo lilimchosha. Kaka yake, Elisa, alikuwa na shamba la mpunga chini ya bwawa la Mkomba. Miaka ishirini na minne iliyopita, mlinzi wa bwawa alipiga simu makao makuu akaripoti kwamba maji yameongezeka kidogo. Aliyepokea akasikia kidogo, akaandika kidogo, akaenda kula chakula cha mchana. Saa nane bwawa lilipasuka. Elisa alipatikana siku ya tatu, na watu mia mbili na kumi pamoja naye. Mlinzi alipohojiwa alilia, akasema kwao kule neno kidogo linaweza kuwa hata mita mbili, inategemea unavyolitamka. Mizani ilizaliwa kutokana na kilio kile, na Eliwaza alikuwa katika kundi la kwanza kabisa lililojiandikisha kuitumikia. Hakuna aliyemlazimisha.

"Mama," Kiangi alisema, "leo ni siku ya kumi na tatu."

Alikuwa anaijua sheria. Marehemu hawezi kuitwa tena aulizwe, kwa hiyo kauli yake haiwekwi rafuni. Inafafanuliwa ndani ya siku kumi na nne, au inahesabika kuwa haikutamkwa. Faili lilikuwa limechelewa kufika, kama kawaida. Eliwaza akisema kwamba maneno ya mzee hayafafanuliki, jambo ambalo lilikuwa kweli tupu, Nakundwa atatoka kesho. Akiyapa namba, atakuwa amemlisha marehemu maneno.

Mizani haikusita. "Kwa kulinganisha matamshi milioni nne, 'kidogo' inayoambatana na kukaa ni siku tisa. 'Mpaka atulie', baada ya msiba, ni siku arobaini na moja. Napendekeza arobaini na moja, kuanzia siku ya kutamkwa. Uhakika ni asilimia sitini na mbili."

Yaani zimebaki siku ishirini na nane. Eliwaza alimtazama mwanamke yule aliyezika mara mbili kwa miezi miwili, akajiuliza ni nani aliyetulia kwa siku arobaini na moja hata Mizani ikaokota namba hiyo. Yeye mwenyewe alimlilia Elisa mwaka mzima, tena kwa mafungu.

Alijua pia mzee alichokusudia, kama ambavyo Kivungo nzima ingejua. Mzee hakusahau kutaja siku. Aliziacha makusudi. Angetaja mwezi, Kiangi angehesabu. Angesema maisha, Kiangi angenyang'anywa haki yake. Kwa hiyo alisema kidogo, ili wawili hao wapate mahali pa kuoneana aibu, na siku moja Nakundwa aanze mwenyewe kufunga vyombo, au Kiangi aache mwenyewe kuuliza. Maelewano mengi ya milimani yalikuwa yamejengwa hivyo tangu zamani, na hayakubomoka.

Alifikiri mpaka fundo la shingo likamuuma. Halafu akaandika: *Mpaka siku ambayo Nakundwa mwenyewe, kwa kauli safi, atatamka kwamba ametulia.*

"Tukio linapimika," Mizani ilikubali, na taa ya Eliwaza ikabaki kijani, kama ilivyobaki kwa miaka ishirini na miwili.

Kiangi akauliza, "Na asipotamka?"

"Atatamka. Ni mtu mwadilifu. Wewe mwenyewe unamjua."

Kiangi alimtazama shemeji yake, akakubali. Mizani ilikuwa na sehemu mbili za mwisho za kujazwa: nani atauliza, na mara ngapi. Zilikuwa zimeshajazwa zenyewe, kama zinavyojazwa katika kila faili. Kulikuwa na watu kumi na wanane nje. Eliwaza hakuzisoma. Aliona amefanya jambo la maana siku ile, akataka chai ya moto, akapiga muhuri.

*

Eliwaza aliyasoma majibu ya Nakundwa kwenye taarifa ya mwezi, miezi miwili baadaye. Faili la Mrutu lilikuwa limejaza kurasa tatu, na kila mstari ulikuwa neno moja. Bado. Bado. Bado. Akahesabu mpaka sitini na tatu, akarudi juu kwenye zile sehemu mbili. *Atakayeuliza: Mizani. Mara: kila siku, saa kumi na mbili asubuhi.* Chini yake palikuwa na muhuri wake mwenyewe, umekaa wima na vizuri.

Aliketi pale na aibu yake. Faili la mirathi likishapigwa muhuri halifunguliwi, hata na aliyelipiga.

Kesho yake alipanda mlima kabla jua halijatoka. Nyumba ya Mzee Sekiete ilikuwa juu kabisa, ya matofali ya kuchoma, na uani kulitandazwa tangawizi. Nakundwa alikuwa ameshaamka. Hakuuliza sababu ya ugeni. Alimsogezea kigoda na kikombe, wakakaa.

Saa kumi na mbili kamili, taa kwenye kola yake ikasema, "Nakundwa Mrutu, habari za asubuhi. Je, umetulia?"

"Bado."

"Asante."

Taa ikawa kijani. Nakundwa alimimina chai kana kwamba ni jogoo aliyewika.

"Kila siku?" Eliwaza aliuliza, ingawa alijua.

"Kila siku, mama. Juzi niliamka vizuri. Nilikuwa namfukuza mbuzi wa jirani ameingia kwenye tangawizi, ameng'ang'ania, na mimi nacheka peke yangu kama mwehu. Sijacheka hivyo tangu mwezi wa tatu. Chombo kikaniuliza." Akapuliza chai. "Nikikaribia kusahau, kinanikumbusha nikapime. Na nikipima, nakuta pale pale."

"Nilidhani nakusaidia."

"Najua."

Taa ya Nakundwa ilikuwa kijani alipotamka hilo. Eliwaza alitamani iwe ya njano. Angalau angejua anahurumiwa tu.

Akishuka alikutana na Kiangi kwenye kona ya mfereji, amebeba debe la maji. Kiangi aliliweka chini. Alikuwa amekonda.

"Na mimi chombo kinaniletea jibu, unajua? Kila asubuhi. 'Shemeji yako hajatulia.' Kana kwamba mimi ndiye ninayemgongea mlango. Tulikuwa tunaongea vizuri sana na yule mama. Sasa tukikutana kisimani kila mmoja anaangalia ndoo yake."

"Na mkeo?"

"Anakohoa. Nilikwenda kumwomba shemeji amchukue akae naye huko juu, kwenye hewa, watapishana vyumba. Nimefungua mdomo tu, kikauliza kuanzia lini mpaka lini, na je, huko ni kuhamia? Nikaona nitaonekana nimeingilia kwa mlango wa nyuma. Nikarudi zangu."

Eliwaza hakuwa na la kumwambia ambalo lingewaka kijani, kwa hiyo alimsaidia kujitwisha debe.

*

Walikuja Jumatano ya wiki iliyofuata, wote wawili. Safari hii Nakundwa alikuwa na kiroba cha nguo na sufuria mbili zimefungwa kwa kamba ya katani. Aliviweka karibu na mlango.

"Nimekuja kutamka," alisema.

Kiangi alisimama nyuma yake. "Mimi sijamwambia aje, mama. Nimemkuta njiani na mzigo. Nimemsihi tangu kwa Mshana mpaka hapa."

"Sitaki tena kuulizwa, shemeji. Basi." Nakundwa hakupandisha sauti. "Nitakwenda kwa dada yangu. Wewe umlete mama watoto kwenye nyumba kavu. Kila mtu apumzike."

Aliketi, akanyoosha kitenge, akaikabili meza.

"Mimi, Nakundwa Mrutu, nimetulia."

Kijani. Taa haikusitasita hata kidogo, na kwa nini isite? Neno lilikuwa safi, msemaji alikuwa na akili timamu, na Mizani haikupewa kazi ya kutazama macho ya mtu.

"Tukio limethibitika," Mizani ilisema. "Mfafanuzi, piga muhuri."

Eliwaza alishika muhuri. Ulikuwa mwepisi, wa plastiki, mpini wake umelika mahali pa kidole gumba chake. Aliona uwongo mweupe umeketi mbele yake umevaa taa ya kijani, na alijua kwamba ameufyatua yeye. Mwanamke huyu asingesema uwongo maisha yake yote kama asingeulizwa mara sabini.

Kulikuwa na njia moja. Ilikuwa wazi siku zote, na yeye alikuwa akiitumia kuwabana mafundi cherehani. Kabla ya muhuri, mfafanuzi ana haki ya kuuliza moja ya maswali matatu.

Aliuweka muhuri chini.

"Nakundwa," alisema polepole, "kiasi gani?"

"Mama?"

"Umetulia kiasi gani? Usinipe jibu la kunifurahisha. Wala la kumfurahisha shemeji yako."

Nakundwa hakuwa amejiandaa na swali hili. Siku sabini ameulizwa ndiyo au hapana, kama mtu anayeulizwa kama mlango umefungwa, na hakuna aliyetaka kujua kiasi. Alitazama sufuria zake. Machozi yalimjaa, akayaacha yashuke. Labda alimwona Mbonea, labda mzee, labda yule mbuzi king'ang'anizi kwenye tangawizi.

"Kidogo," alisema.

Taa ikawa ya njano.

"Kidogo ni kiasi gani?" Mizani iliuliza.

"Sijui," Nakundwa alisema. "Kidogo tu. Kuna siku."

Njano, njano nzito ya kiini cha yai lililotagwa jana. Eliwaza alikuwa ameshafungua faili jipya. Hii haikuwa tena kauli ya marehemu. Ilikuwa kauli ya aliye hai, imetolewa mbele ya mfafanuzi, ina ukungu, na msemaji ameshindwa kuifafanua. Alisoma kwa sauti ili rekodi isikie, neno kwa neno, kwa uchovu wa mtu aliyesoma mstari huo mara elfu: "Faili litakaa rafuni. Utaitwa. Mpaka uitwe, mambo yanabaki yalivyo, na usiulizwe na mtu wala chombo."

"Hata asubuhi?" Nakundwa aliuliza.

"Hata asubuhi."

Nakundwa alijifuta uso kwa upindo wa kitenge, na mabega yake yakashuka.

Kiangi ndiye aliyekuwa amepoteza, na wote watatu walilijua hilo. Alikwenda mlangoni, akakiinua kiroba cha shemeji yake, akakitwika begani, na sufuria akazishika mkono wa pili. Alisimama hapo kama anatafuta pa kuanzia.

"Shemeji," alisema, "naomba mama watoto aje akae kwako siku mbili tatu. Mpaka kifua kiachie."

Taa yake iligeuka njano. Aliitazama kwa wasiwasi, lakini hakurudisha maneno.

"Mlete tu," Nakundwa alisema. "Tutabanana."

Njano na njano. Kisanduku kikaanza kuuliza siku mbili tatu ni siku ngapi hasa, na Eliwaza akakifunika na kikombe cha chai. Waliondoka pamoja, Kiangi mbele na mzigo, wanabishana kuhusu njia isiyo na matope.

Eliwaza alibaki na faili mkononi. Alikwenda nalo rafuni, akalitia chini ya faili la fundi Mshana, chini ya mia sita mengine, chini kabisa ambako karatasi zilikuwa zimeanza kunuka ukungu wa kweli. Hakuwa na furaha. Alimkumbuka Elisa akipandisha suruali kuingia kwenye majaruba ya mpunga, na ile kidogo ya mlinzi iliyomfuata huko. Neno lilikuwa lilelile. Hakuwa amepata, kwa miaka yote, mtu wa kumfundisha ni wapi linaua na ni wapi linamsitiri mtu. Alichojua ni kwamba bwawa halina aibu ya kuachiwa nafasi, na watu wanayo.

"Mfafanuzi," Mizani ilisema kutoka chini ya kikombe, "faili la Nakundwa Mrutu litashughulikiwa lini?"

Alirudi kwenye kiti, akakaa. Magoti yalilia.

"Karibuni," alisema.

Hakuhitaji kutazama. Aliuona mwanga wa njano kwenye ukingo wa miwani yake, kwa mara ya kwanza tangu avishwe taa ile.

"Karibuni ni lini?"

"Sijui."

Mizani ikapekua sheria yake yote, kisha ikasema kwa upole uleule kwamba kauli ya Eliwaza Mgonja, aliye hai, ina ukungu. Kwamba itafunguliwa faili. Na kwamba asiulizwe na mtu wala chombo mpaka atakapoitwa na mfafanuzi wa kata ya Kivungo.

Eliwaza alikunywa chai iliyopoa, akamwita mtu wa pili kwenye foleni.